Manowari Isiyofika Kericho: Utumwa, Uhuru na Ukimya katika Nathari ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwaka 1934 ulizaa matini mbili ambazo hazijapata kusomwa pamoja. Ya kwanza ni kitabu cha James Juma Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa London na Sheldon Press na ambacho huhesabiwa miongoni mwa kazi za awali kabisa za nathari ndefu ya Kiswahili iliyoandikwa na Mwafrika wa Kenya. Ya pili ni sheria ya serikali ya koloni la Kenya iliyoitwa Laibons Removal Ordinance, iliyoidhinisha kuhamishwa kwa nguvu kwa ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis, yaani Kericho na Bomet ya leo, hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Kitabu kinasimulia jinsi Waingereza walivyowapa watumwa uhuru. Sheria inaamuru jinsi Waingereza hao hao watakavyouondoa uhuru wa watu wapatao 700, wanawake na watoto wakiwemo, bila ya mmoja wao kushtakiwa mahakamani kwa kosa lake binafsi.

Makala haya hayadai kwamba Mbotela alikuwa na habari za sheria ile, wala kwamba angepaswa kuandika juu ya Kericho badala ya Freretown. Yanachokusudia kuonyesha ni kwamba Uhuru wa Watumwa kiliipa nathari ya Kiswahili msuko mmoja wa kusimulia utumwa na ukombozi; kwamba msuko huo ulidumu hata katika kazi za waandishi waliopinga itikadi yake; na kwamba kwa sababu hiyo historia ya kazi ya shuruti katika nyanda za chai imebaki bila jina katika fasihi hii, ingawa maneno ya kuisimulia yamekuwa yakitumika huko kwa muda wa karne nzima.

2.0 Msuko wa Ukombozi katika Uhuru wa Watumwa

Mbotela alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, na kitabu chake kimejengwa juu ya kumbukumbu za kizazi cha wazazi wake. Mtiririko wa matukio ni wazi. Kuna kijiji cha bara kinachoishi kwa amani, wanakuja wafanyabiashara wa watumwa, watu wanatekwa na kusafirishwa kwa miguu hadi pwani, wanapakiwa jahazini, kisha manowari ya Waingereza inalikamata jahazi, na waliokuwa bidhaa wanageuka tena kuwa watu. Safari inaishia Freretown, kijiji kilichoanzishwa na Church Missionary Society karibu na Mombasa mwaka 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar kuhusu mkataba wa 1873 ambao Sultani Barghash alilazimika kuutia sahihi ili kulifunga soko la watumwa.

Wahakiki wa mrengo wa kimapinduzi wa miaka ya 1970 na 1980 walikishambulia kitabu hiki kwa kasumba yake. Walisema kwamba mwandishi amewatukuza wakoloni na kuwafanya Waarabu kuwa chanzo pekee cha mateso. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Kwanza, inasahau kwamba shukrani ya Mbotela haikuwa ya uongo. Mtu ambaye mzazi wake alitolewa katika tumbo la jahazi hawezi kuambiwa kwamba manowari ilikuwa propaganda tu. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi kwa mhakiki wa fani, hoja hiyo inashughulika na kile kitabu kinachosema na kuuacha bila kuguswa mpango wake wa kusema.

Mpango huo una sifa tatu. Sifa ya kwanza ni kwamba utumwa ni tendo lenye mwanzo na mwisho: unaanza kwa kutekwa na unakoma siku ya kuokolewa. Ya pili ni kwamba mkombozi hutoka nje. Mtumwa hangoji wala hapangi, bali hutokewa na uhuru. Ya tatu ni kwamba baada ya uhuru hakuna tena swali kuhusu kazi. Mkombolewa akishafika Freretown, kulima, kuchota maji na kutii kengele ya misheni ni sehemu ya malezi mema, si suala la nani anamfanyia nani kazi na kwa masharti gani.

Historia ya Freretown yenyewe ilikuwa na makunyanzi zaidi. Ukali wa adhabu zilizotolewa pale na msimamizi wa misheni, viboko vikiwa miongoni mwake, ulisababisha uchunguzi mwaka 1881. Huko Rabai, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani na kujificha katika vijiji vya misheni, zaidi ya 1,400, walipata hati za uhuru mwanzoni mwa mwaka 1889, baada ya wakala wa kampuni ya Kiingereza kuwalipa fidia mabwana zao. Tukio hilo linastahili kuzingatiwa. Watu hawa walikuwa wamekwisha kujikomboa kwa miguu yao wenyewe. Hati ilikuja baadaye, na fedha zilikwenda kwa aliyepoteza mtumwa, si kwa aliyepoteza miaka yake. Katika kisa cha mtoro wa Rabai, mtumwa ndiye mtendaji. Katika kisa cha manowari, mtumwa ndiye mtendwa. Fasihi ya Kiswahili ilichagua kukirithi kisa cha pili.

Ulinganisho na fasihi ya Wamarekani weusi unaweza kusaidia hapa. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani Maryland mwaka 1838 na kuchapisha tawasifu yake mwaka 1845, aliandika kama mtu aliyeuchukua uhuru wake. Aliwataja mabwana zake kwa majina, akaeleza jinsi alivyojifunza kusoma kinyume cha matakwa yao, na akaonyesha kwamba dini ya bwana haikumzuia bwana kuwa katili. Tawasifu ya namna hiyo humfunza msomaji kuuliza swali la utumwa popote atakapoona kazi ya shuruti. Kisa cha manowari humfunza kwamba swali limekwisha jibiwa.

3.0 Nyanda za Chai na Sheria Zake

Wakati Mbotela akiandika, nchi ya Wakipsigis ilikuwa imepitia miongo mitatu ya mageuzi ya nguvu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikiwa imepita ukingoni mwa nchi hiyo. Mwaka 1905 majeshi ya Waingereza yalifanya msafara wa kuadhibu huko Sotik, na mwaka huo huo, katika nchi jirani ya Wanandi, Koitalel arap Samoei aliuawa na afisa aliyekuwa amekuja kwa jina la mazungumzo. Koitalel alikuwa wa ukoo wa Talai, ukoo ambao ulitoa viongozi wa kiroho, orkoiik, kwa Wanandi na kwa Wakipsigis pia. Serikali haikuacha kuuogopa ukoo huo. Viongozi wake wakuu miongoni mwa Wakipsigis walihamishwa mwaka 1914. Miaka ishirini baadaye ikaja zamu ya ukoo mzima.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, eneo kubwa la Kericho, ekari zipatazo 25,000, lilitengwa kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani. Walikusudia kulima kitani, lakini bei yake ilianguka na mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 yaliingia makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na African Highlands Produce, iliyokuwa tawi la James Finlay. Ardhi ilikuwa tayari imetwaliwa. Kilichokosekana ni mikono ya kuilima.

Mikono hiyo ilitafutwa kwa sheria. Kodi ya nyumba ilimlazimu mtu kutafuta fedha, na fedha zilikuwa shambani kwa mzungu. Sheria ya bwana na mtumishi ya mwaka 1906 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Sheria ya 1918 ilimtambua Mwafrika aliyeishi katika ardhi ya mlowezi kwa sharti la kumfanyia kazi siku kadhaa kwa mwaka, na hivyo Wakipsigis wengi wakawa maskwota mahali ambapo baba zao walichunga ng'ombe. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 kikaja kipande, cheti cha alama za vidole kilichotiwa katika kijaluba cha bati na kuvaliwa shingoni, ambacho mwajiri alitia sahihi ili mfanyakazi aweze kuondoka kihalali. Kwa kuwa Wakipsigis wengi hawakupenda kuchuma chai, makampuni yaliwategemea kwa wingi vibarua kutoka nchi za Waluo, Wagusii na Waluhya, na watoto hawakuachwa. Ajira ya watoto iliposhutumiwa na kuundiwa kamati ya serikali iliyotoa ripoti mwaka 1938, mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa.

Je, huu ulikuwa utumwa? Mhakiki anapaswa kuwa mwangalifu. Hapakuwa na mnada Kericho. Mtu hakuuzwa, na mtoto hakuzaliwa akiwa mali ya kampuni. Mkataba wa Kimataifa wa Utumwa wa 1926 uliueleza utumwa kwa kigezo cha umiliki wa mtu juu ya mtu, na kwa kigezo hicho mchuma chai hakuwa mtumwa. Kuyachanganya mambo haya mawili ni kuwadharau waliokufa katika majahazi. Lakini jumuiya ya kimataifa ilihisi upungufu wa kigezo hicho upesi sana, na mwaka 1930 Shirika la Kazi la Kimataifa likapitisha mkataba mwingine kuhusu kazi ya shuruti. Baina ya mikataba hiyo miwili kuna eneo ambalo si utumwa kwa mujibu wa sheria na wala si uhuru kwa mujibu wa akili ya kawaida. Kericho ilikaa katika eneo hilo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba ulinganisho huo usingeweza kufikiriwa zama zile. Gavana Edward Northey alipotoa waraka wa mwaka 1919, ukiwataka maafisa na machifu kuwahimiza watu waende kufanya kazi kwa walowezi, na hata kuwahimiza wanawake na watoto pale mashamba yalipokuwa karibu, maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda pamoja na kiongozi wa misheni ya Kiskoti walijibu kwa taarifa iliyokosoa njia hiyo, lakini wakakubali kwamba shuruti ya aina fulani ni ya lazima, mradi ifanywe kwa sheria. Askofu wa Mombasa, ambaye Freretown ilikuwa chini yake, alikuwa mmoja wao. Jibu kali lilitoka Zanzibar. Askofu Frank Weston, ambaye kanisa lake kuu la Mkunazini limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, alitoa kijitabu mwaka 1920 kilichowaita Waafrika hao watwana wa Uingereza. Kwa hiyo miaka 14 kabla ya Uhuru wa Watumwa, mtu aliyesali kila siku juu ya soko la watumwa alikuwa ameiona kazi ya mashamba ya Kenya na kuipa jina. Jina hilo lilitolewa kwa Kiingereza, na halikuingia katika nathari ya Kiswahili.

4.0 Maneno Yaliyopanda Garimoshi

Ajabu ni kwamba msamiati ulikuwapo. Ukichunguza maneno ya kawaida ya kambi za chai, utaona kwamba mengi yalizaliwa katika uchumi wa watumwa na misafara wa karne ya 19, kisha yakapanda bara pamoja na reli.

Neno kibarua ni mfano bora. Ni udogo wa barua, kicheti alichopewa mtu aliyekodiwa kwa ujira wa siku. Katika Zanzibar ya karne ya 19, vibarua wengi walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwaruhusu kujikodisha mjini na bandarini, kwa sharti la kumletea bwana sehemu ya ujira. Neno hilo, lililotaja mtumwa anayepokea mshahara ambao si wake wote, lilifika Kericho bila kubadilika hata herufi moja. Neno nyapara nalo lilitumika kwa kiongozi wa wapagazi katika misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe na watu. Katika shamba la chai likawa cheo cha msimamizi anayepita nyuma ya wachumaji kuhakikisha kwamba kila mkono unachuma majani mawili na chipukizi, si zaidi. Bwana aliyemiliki watumwa na bwana aliyetia sahihi kipande waliitwa kwa neno moja.

Kipande chenyewe ni neno lisilo na hatia katika kamusi: sehemu ndogo ya kitu kizima. Hata hivyo, kikisomwa pamoja na hati za uhuru za Rabai, kinapata maana nyingine. Mwaka 1889 karatasi ilisema kwamba huyu si mali ya mtu. Miaka 30 baadaye karatasi ilisema huyu anamfanyia kazi nani, kwa mshahara gani, na kama ana ruhusa ya kuwa mahali alipo. Yote mawili ni maandishi ambayo mwenye kuyabeba, mara nyingi, hakuweza kuyasoma.

Neno moja tu halikupanda garimoshi, nalo ni utumwa. Hili ni jambo la kushangaza kwa lugha ambayo shina la neno hilo limezaa sana. Kutokana na kitenzi tuma Kiswahili kimepata mtumwa, mtume, mtumishi, utumishi na tume. Katika misheni, mtumwa aliyekombolewa akawa mtumishi wa Mungu. Katika sheria za koloni, mfanyakazi akawa mtumishi wa bwana. Mabadiliko ya viambishi yalitosha kulipeleka neno kutoka upande wa aibu hadi upande wa heshima, na hapakuwa na mtu aliyelazimika kueleza ni kitu gani kilichobadilika katika uhusiano wenyewe. Ndani ya Uhuru wa Watumwa neno mtumwa limefungiwa pwani na limefungiwa jana. Msomaji wa shule ya Kericho aliyekisoma kitabu hicho angeweza kuwahurumia watumwa wa Mwarabu kwa machozi, kisha akamwona mama yake akirudi kutoka shambani na kikapu mgongoni bila kuhisi kwamba visa hivyo viwili vina la kuambiana.

Sheria ya 1934 nayo ilikuwa na tatizo la majina. Laibon ni neno linalotokana na lugha ya Kimaasai. Serikali ilililazimisha juu ya ukoo wa Kipsigis ambao wenyewe waliwaita viongozi wao orkoiik. Vivyo hivyo, Wakipsigis waliitwa Lumbwa katika ramani na ripoti, jina lisilokuwa lao, na kituo chao cha reli kikaitwa hivyo. Watu walihamishwa na sheria ambayo haikuwajua hata kwa majina yao. Wapangaji wa matini hiyo hawakujali usahihi; walihitaji jina moja la kutosha kuwabeba wote, mkubwa na mdogo, kama bidhaa za aina moja.

5.0 Kijakazi na Rashidi: Somo kutoka Visiwani

Baada ya uhuru wa bendera, waandishi wa Kiswahili waliligeukia upya suala la utumwa, na hakuna aliyelishughulikia kwa ujasiri zaidi ya Adam Shafi Adam. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) imewekwa katika Zanzibar ya karibu na Mapinduzi ya Januari 1964, zaidi ya miaka 60 tangu hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa visiwani mwaka 1897. Hata hivyo mhusika mkuu anaitwa Kijakazi. Jina lake ni nomino ya kawaida, nalo ni jina la kazi yake na la tabaka lake. Mwandishi hasemi kwamba sheria ya 1897 haikuwapo. Anaonyesha kwamba haikufika ndani ya kasri. Utumwa umehama kutoka katika hati na kukaa katika mazoea, katika woga, na katika imani ya Kijakazi mwenyewe kwamba kumtumikia bwana ndiyo haki ya dunia.

Huu ndio mchango wake mkubwa. Adam Shafi aliutoa utumwa katika tukio na kuuweka katika uhusiano. Ikiwa utumwa ni uhusiano, basi unaweza kuulizwa mahali popote, hata pasipo na mnyororo, hata pale ambapo anayetumikishwa hajioni kuwa anatumikishwa. Uaminifu wa Kijakazi unamuudhi msomaji, na kuudhika huko ndiko kunakomfanya afikiri. Mbotela hamuudhi msomaji hata mara moja kuhusu mtumwa, kwa kuwa mtumwa wake hana analoamini kuhusu utumwa wake mwenyewe.

Hata hivyo, msuko wa zamani haujatoweka kabisa. Mapinduzi katika Kasri yana kazi inayofanana na ya manowari katika Uhuru wa Watumwa. Yanatenganisha jana na leo kwa upanga mmoja, na riwaya inapopita mpaka huo maswali ya kazi yanapoteza ukali wake, kwa kuwa shamba sasa ni la wananchi. Mkombozi amebadilika sura; si kapteni wa Kiingereza tena bali ni historia yenyewe. Lakini kasri bado inafunguliwa na nguvu kubwa kuliko mtu aliyemo ndani yake, na siku ya kufunguliwa bado ni siku moja.

Kuli (1979) ya mwandishi huyo huyo inakaribia zaidi kuuvunja msuko huo. Riwaya hiyo inahusu makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Ufahamu wa Rashidi unakua kazini, miongoni mwa wenzake, kidogo kidogo, kutokana na mizigo, ajali na ujira. Hakuna chombo kinachotokea upeo wa macho kuwaokoa. Vyombo vinavyotokea vinaleta mizigo zaidi. Mgomo hauleti ukombozi wa siku moja. Unaleta kitu ambacho Uhuru wa Watumwa haukuweza kukifikiri, nacho ni kwamba wafanyakazi wanajifunza kulitaja jambo linalowatesa kwa jina lake, na wanalitaja pamoja.

6.0 Riwaya Isiyo na Manowari

Nyanda za chai zinaidai fasihi ya Kiswahili kitu cha aina hiyo. Katika riwaya zinazotajwa na kutahiniwa mara kwa mara nchini Kenya, msomaji atakutana na Mombasa na Nairobi, na atakutana na ardhi iliyoporwa ya Kati na vita vya msituni, kama katika Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi (1969). Kambi ya chai haina nafasi iliyo sawa na hizo. Sababu moja ni kwamba kambi hiyo haina tukio la kuigawa jana na leo. Bendera ilipopandishwa mwaka 1963, kikapu kiliendelea kubebwa na majani yaliendelea kupimwa. Watalai walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kuondoka Gwassi mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini ardhi yao ilikuwa imekwisha kuwa bustani za chai, na familia nyingi zikaishia pembezoni mwa mji wa Kericho. Mwandishi aliyelelewa na kisa cha manowari hajui riwaya kama hiyo aimalizie wapi.

Sababu ya pili ni ya lugha, na hii ndiyo inayoweza kupingwa kwa nguvu zaidi. Huenda ikasemwa kwamba kumbukumbu za Talai na za uporaji wa ardhi zimo katika Kikipsigis, katika masimulizi ya wazee na nyimbo za vijiji, na kwamba Kiswahili hakina haki ya kuzidai. Ni kweli kwamba masimulizi hayo yana wenyewe. Lakini kambi ya chai haikuwa ya lugha moja. Mluo, Mgusii, Mluhya na Mkipsigis walikutana pale, na walizungumza Kiswahili: Kiswahili cha kuamrishwa na nyapara asubuhi, na pia Kiswahili cha kukopeshana unga, kuzikana na kuulizana habari za nyumbani jioni. Lugha iliyotumika kuwapanga wachumaji katika mistari ndiyo lugha waliyoitumia kujuana. Hakuna lugha nyingine ya eneo hilo yenye kumbukumbu za pande zote mbili, na mwandishi wa riwaya angekuta utata huo umekwisha kumtayarishia mazungumzo ya wahusika wake.

Riwaya hiyo ingepaswa kukwepa mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kuyafanya mashamba ya chai kuwa Zanzibar ya pili, kwa kumvisha mlowezi kanzu ya Mwinyi Fuad na kumwita mchumaji mtumwa tangu ukurasa wa kwanza. Ubishi ungekwisha kabla ya kuanza. Mtego wa pili ni kuwafanya Wakipsigis kuwa wahanga pekee. Kibarua aliyetoka Nyanza kwa ajili ya kodi ya baba yake alikuja kufanya kazi katika ardhi aliyonyang'anywa mwingine. Wote wawili walidhulumiwa, lakini dhuluma ya mmoja ilikuwa riziki ya mwenzake. Machafuko ya kikabila yaliyozikumba sehemu za Bonde la Ufa kuanzia 1991 na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 yalionyesha gharama ya kuliacha jambo hilo bila kusimuliwa. Mahali ambapo fasihi haikumpa jirani hadithi, siasa ilimpa jina la mgeni.

Wakati huo huo, hati zinaendelea kuandikwa. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya iliamua kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza, na mwaka 2022 malalamiko yalipelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa mwaka 2023 alikiri kwamba ukatili ulitendwa wakati wa ukoloni, ila hakuomba radhi rasmi. Mtu anayeikumbuka Rabai ataona kinyume chake: mwenye watumwa alilipwa fidia yake mara moja, mkononi, aliyehamishiwa Gwassi, au mtoto wake, au mjukuu wake, amekuwa mlalamikaji. Lakini hati za mahakama, hata zikishinda, huandika hasara tu. Hazina nafasi ya kueleza mtoto wa Gwassi aliota nini kuhusu Kericho asiyopata kuiona, au mchumaji alijisikiaje siku ya kwanza nyapara alipomwita kwa nambari. Nafasi hiyo ni ya fasihi.

7.0 Hitimisho

Uhuru wa Watumwa kisitupwe. Kinastahili kuendelea kusomwa, na kusomwa kwa heshima, kwa sababu kimehifadhi kilio cha watu ambao hawakuwa na mwandishi mwingine. Kinachotakiwa ni kukifundisha pamoja na mwaka wake. Mwalimu wa fasihi anayekiweka mezani aweke kando yake sheria ya 1934 na kipande kimoja cha kale, na awaulize wanafunzi kwa nini kitabu kinaishia mahali kinapoishia. Wanafunzi wa Bomet, Kericho na Sotik hawatakosa la kusema. Wataanza na maneno ya nyumbani mwao, kibarua, nyapara, kambi, skwota, na watagundua kwamba historia ya utumwa ambayo walifundishwa kuwa ni ya pwani na ya Waarabu imekuwa ikitamkwa jikoni kwao kila siku.

Kutokana na ugunduzi huo huenda akatokea mwandishi. Hatahitaji kuamua mapema kama mchuma chai alikuwa mtumwa au hakuwa. Atahitaji kumwandika kwa ukamilifu kiasi kwamba msomaji alazimike kuamua mwenyewe, naye asipewe manowari ya kumwondolea mzigo huo.